Umetoa betri na unataka kupima moshi? Hivi ndo unavyoiandaa kompyuta ya gari

Hii inawakuta watu wengi sana. Mtu kabadilisha betri, au fundi kachomoa teminali ili afanye kazi ya umeme kwa usalama, gari inawaka vizuri, dashibodi haina taa hata moja, anaipeleka kupima moshi anaambiwa kompyuta haiko tayari, kaendeshe kwanza ndo urudi. Basi anaanza kuzunguka hovyo akiamini kilomita zitamaliza shida, anachoma tanki zima la mafuta, akirudi anaambiwa vile vile.

Shika hiki kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kompyuta haisubiri kilomita, inasubiri masharti. Inataka injini iwe imepoa kabisa ndo iwashwe, inataka mwendo fulani ushikiliwe bila kuchezacheza, inataka mafuta yawe kiwango fulani kwenye tanki. Ukiipa hayo, magari mengi yanakuwa tayari ndani ya siku chache za kawaida na usipoipa unaweza kuendesha mwezi mzima mjini kwenye foleni na monita moja ikabaki pale pale.

Kinachofutika ukitoa betri

Ndani ya kompyuta ya injini kuna kumbukumbu inayoshikiliwa na umeme wa betri. Humo kompyuta imejifunza tabia za gari yako, silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) ikae wapi, mafuta yaongezwe au yapunguzwe asilimia ngapi kulingana na sensa zinavyosoma, na kwenye gari nyingi za otomatiki hata gia zinavyobadilika. Pamoja na hayo kuna alama za majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe ili ijue vifaa vya kupunguza moshi vinafanya kazi, na hayo majaribio ndo tunaita monita. Ukichomoa betri, alama zinarudi zote kwenye "bado". Ukifuta kodi (namba) za hitilafu kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, matokeo ni hayo hayo, na ndo sababu kituo cha kupima kinaangalia monita kwanza, maana bila hivyo kila mwenye taa ya injini angeifuta getini na kupita.

Kuna gari mpya zinatunza alama hizi sehemu ambayo haifutiki umeme ukikatika. Kwa hiyo usianze kuhangaika kabla hujachomeka skana ukaona hali halisi, inawezekana huna kazi yoyote ya kufanya.

Monita zenyewe ziko za aina mbili. Kuna zinazofanya kazi muda wote injini ikiwaka, yaani inayoangalia misi (injini kukosa mwako), inayoangalia mfumo wa mafuta na inayoangalia sensa na nyaya kwa jumla, hizi hazisumbui kwa kawaida. Halafu kuna zile zinazosubiri masharti: katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, mafundi wanaita masega), sensa za oksijeni, hita za sensa hizo, EGR (unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) au VVT (unaobadilisha muda wa vali kufunguka), EVAP ambao ni mfumo wa kunasa mvuke wa petroli, na kwenye baadhi ya gari mfumo wa kupuliza hewa ya ziada kwenye ekzosi. Dizeli ina za kwake, kama chujio la masizi DPF, mfumo wa kupunguza gesi za NOx na presha ya tabo. Gari yako haitakuwa nazo zote, skana itaandika kwamba hiyo haihusiki, achana nayo.

Unahitaji ngapi ziwe tayari

Inategemea sheria ya unapopimia. Marekani mfumo wa OBD2, yaani huu wa kompyuta ya gari kujikagua yenyewe, ulikuwa lazima kwenye magari madogo yote mapya kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya ukaja kwa petroli mwaka 2001 na dizeli 2004. Mwongozo wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, unaruhusu gari za petroli za 1996 mpaka 2000 ziwe na monita mbili ambazo hazijakamilika, na za 2001 kuja juu moja tu. California wamekaza zaidi, petroli ya 2000 na kuendelea inaruhusiwa EVAP peke yake kuwa bado, na za 1996 mpaka 1999 monita moja yoyote. Uliza kabla hujaenda, maana mara nyingi utakuta EVAP ndo imebaki peke yake na kumbe sheria inakuruhusu upime hivyo hivyo.

Kabla ya kwenda barabarani

Nunua au azima skana. Hata ile ndogo ya bluetuthi inayosoma kwenye simu inatosha, ilimradi iwe na ukurasa wa monita. Soketi yake iko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na usukani. Soma vitu viwili, hali ya monita, na kodi zinazosubiri, zile ambazo bado hazijawasha taa. Watu wanaruka hii ya pili na inawagharimu, kwa sababu hitilafu nyingi za moshi zinahitaji kuonekana safari mbili mfululizo ndo taa iwake, kwa hiyo kuna kipindi dashibodi iko safi lakini kompyuta imeshaona kitu na imekiandika pembeni. Na kodi ya sensa ya oksijeni ikiwepo kwenye orodha hiyo, monita ya katalisti inaweza isijaribiwe kabisa, inasubiri sensa ithibitike kwanza. Tengeneza hitilafu kwanza, ndo uanze safari za kuandaa.

Kama huna skana, gari nyingi zina njia ya swichi. Weka swichi ON bila kupiga stata, uiangalie taa ya injini. Ikikaa imewaka sekunde kama 15 mpaka 20 kisha ianze kumweka mara kadhaa, kuna monita bado. Sio gari zote zina hii lakini kujaribu hakuna hasara.

Angalia na umeme wenyewe. Betri mpya iliyofungwa na teminali zenye kutu au zilizolegea inaleta shida ya ajabu, voltiji inaposhuka sana kompyuta inasimamisha majaribio bila kukwambia kitu. Injini ikiwa inawaka, voltiji kwenye betri iwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi kwa gari nyingi. Ikiwa 12 na kitu huku injini inanguruma, huenda alteneta haichaji, shughulika na hiyo.

Mafuta yawe kati ya robo na robo tatu ya tanki, mimi napendelea nusu au juu yake kidogo. Tanki likijaa kabisa au likikaribia kukauka EVAP haijaribiwi, na sheria za OBD2 zinaruhusu watengenezaji kuzima baadhi ya monita mafuta yakiwa asilimia 15 kushuka chini. Ziko pia ruhusa za baridi kali chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri wakati wa kuwasha, na mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Kama unaishi mlimani juu sana usishangae gari ikigoma, shuka nayo bondeni.

Safari yenyewe

Kila mtengenezaji ana utaratibu wake, na kama unaupata wa gari yako kwenye kitabu chake au taarifa za ufundi, fuata huo na uache huu wangu. Huu ni wa jumla, unafanya kazi kwa petroli nyingi.

Ilaze gari usiku mzima, masaa 8 ni salama. Kompyuta inalinganisha joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia, vikiwa karibu sawa inaelewa kwamba injini imepoa kweli. Usiache swichi ON kabla ya kuwasha, kwenye baadhi ya gari hita za sensa zinaanza kuchemka hapo na jaribio lake linaharibika. Piga stata, iwake, iache kwenye silensa dakika mbili tatu bila kukanyaga mafuta, washa AC na hita ya kioo cha nyuma ili injini ibebe mzigo kidogo. Kama betri ndo imetoka kuunganishwa, hapa silensa inaweza kupanda na kushuka au kutaka kuzima, hiyo ni kompyuta inajifunza upya, ipe muda. Gari nyingine zina utaratibu maalum wa kuifundisha throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini), ukiona silensa inabaki mbovu hata baada ya safari kadhaa, basi ndo unahitaji huo.

Halafu zima AC na hita ya kioo, ondoka taratibu, pandisha mwendo kwa mguu wa wastani mpaka kama kilomita 90 kwa saa, na ushikilie hapo dakika tatu mpaka tano. Kushikilia ndo sehemu ngumu. Mguu ukipanda na kushuka, ukikaribia lori ukaachia ukakanyaga tena, jaribio linakatwa linaanza upya. Kruzi kontroo inasaidia sana kama njia ni tambarare. Chagua muda ambao barabara kuu iko wazi, alfajiri ni nzuri, na tena injini imeshalala.

Baada ya hapo achia mafuta kabisa, gari ishuke yenyewe mpaka kama 30 kwa saa, bila breki, bila klachi, bila kuweka nyutro, gia ikiwa imeingia. Kabla hujafanya angalia kioo cha nyuma, kama kuna mtu nyuma yako ahirisha, monita haina thamani ya kugongwa. Ukimaliza pandisha tena mpaka 90 mwendo wa taratibu, shikilia dakika tano, achia tena ishuke, alafu simama sehemu salama na uiache silensa dakika mbili.

Sasa kwa nini hii ya kuachia? Hapa nataka uelewe kwa sababu ukielewa utaendesha vizuri bila kukariri. Ukiwa na mtu kiti cha abiria mpe skana afungue grafu ya sensa za oksijeni (sio wewe dereva, tafadhali). Kwenye gari zenye sensa za kawaida, ya mbele ya katalisti inaruka juu chini haraka kati ya voltiji 0.1 na 0.9, na ya nyuma ya katalisti inakaa imetulia, 0.6 au 0.7 hivi. Huo utulivu wa nyuma ndo ushahidi kwamba katalisti inahifadhi oksijeni na kuitumia. Sasa achia mafuta: kompyuta inakata petroli kabisa, hewa tupu inapita kwenye ekzosi, na utaona laini zote mbili zinaanguka karibu na sifuri. Kompyuta inapima sensa imechukua muda gani kuanguka, na ukikanyaga tena inapima imechukua muda gani kupanda. Sensa mzee inachelewa. Ukigusa klachi au ukiweka nyutro, kompyuta inarudisha petroli ili injini isizime, na kipimo kinaharibika pale pale.

Kwa katalisti, gari nyingi zinasubiri iwe ya moto sawasawa kisha kwenye mwendo ulioshikiliwa kompyuta inacheza na mchanganyiko wa mafuta na kuangalia oksijeni inakaa humo muda gani. Ndo maana safari fupi fupi za dukani hazikamilishi kitu, katalisti haifiki joto linalotakiwa na huna sehemu ya kushikilia mwendo.

Mpangilio utakaouona mara nyingi ni huu: hita za sensa zinakuwa tayari kwanza, zinafuata sensa zenyewe na EGR, katalisti baadaye, EVAP mwisho. Ukishafanya safari hiyo endesha pia mjini kawaida, simama ondoka simama ondoka, kuna monita zinapenda hivyo. Usirudie safari hiyo mara tatu kwa siku moja ukitegemea mara tatu ya matokeo, maana sharti la injini baridi linapatikana mara moja tu, baada ya kulala.

EVAP, ile inayochelewesha kila mtu

Jaribio la EVAP ni la kutafuta uvujaji wa mvuke, na linatafuta tundu dogo mno, sheria ya Marekani inataka gari ione uvujaji wa tundu la nusu milimita. Ili tundu la hivyo lionekane lazima mafuta yasiwe yanasukwasukwa, yasiwe yamechemka, na mfumo uwe umefungwa kabisa. Gari nyingine inatumia mvuto wa injini, inafunga vali ya hewa, inavuta, kisha inaangalia mvuto unabaki au unapotea. Nyingine zinafanya kazi hii gari ikiwa imezimwa. Toyota nyingi zina pampu ndogo inayojiwasha kama masaa 5 baada ya kuzima, na kama hali haikufaa inajaribu tena saa ya 7 na saa ya 9 na nusu. Kwa hiyo ukisikia kitu kinanguruma nyuma ya gari usiku wa manane usiogope, na usiende kufungua mfuniko wa mafuta. Zingine zinasubiri tu tanki lipoe baada ya safari na kupima presha inavyobadilika.

Maana yake kwako ni hii. Weka mafuta nusu jioni, injini ikiwa imezimwa, funga mfuniko mpaka usikie ule mlio wa kukwama. Kagua raba ya mfuniko, ikiwa imepasuka nunua mwingine. Usiongeze mafuta kidogo kidogo kila siku, ukifungua mfuniko unavuruga. Ilaze gari kivulini, maana jua kali linachemsha tanki. Na usichomoe betri usiku, nimeona watu wanafanya hivyo kulinda gari, wanakata umeme wa jaribio lenyewe na wanafuta yote waliyokusanya mchana.

Monita imegoma kabisa

Ukiwa umefuata masharti siku kadhaa na moja haitaki, acha kuzunguka na anza kufikiria hitilafu. Mshukiwa wangu wa kwanza ni themostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini. Ikikwama wazi injini haifiki joto lake, kwenye geji ya dashibodi mara nyingi huwezi kuona, lakini skana itakuonyesha maji yanabaki nyuzi 65 au 70 ukiwa barabara kuu wakati gari nyingi zinatakiwa ziwe 85 mpaka 100 hivi. Kompyuta inakataa kuanza majaribio kwenye injini ya hivyo na inaweza isiwashe taa mapema.

Wa pili ni sensa ya oksijeni iliyochoka, haijafeli kiasi cha kuandika kodi lakini inazuia katalisti. Angalia pia asilimia za mafuta za muda mrefu, zile zilizorudi sifuri ulipotoa betri. Zikipanda kuelekea 10 au kuzidi kuna hewa inaingia isikotakiwa au mafuta hayatoshi. Ekzosi inayovuja kabla ya sensa inadanganya kila kitu. Na kama katalisti imetolewa masega, hakuna safari itakayoifanya monita hiyo ipite kwa haki, hapo ni kurudisha kifaa.

Kuna kitu kingine kinaitwa kodi za kudumu, kipo kwenye gari za kuanzia 2010 hivi. Hizi hata ukitoa betri hazifutiki, zinaondoka kompyuta ikithibitisha yenyewe kwamba tatizo limeisha. California wanaziangalia tangu Julai 2019, na wanazipuuza tu kama tangu kodi zifutwe injini imepata moto kutoka baridi mara 15 na gari imetembea maili 200, karibu kilomita 320. Kwa hiyo kama ulitoa betri ili kuua taa ya injini, kwenye gari hizi haijakusaidia.

Siku ya kupima

Soma skana nyumbani kabla hujatoka. Monita ziko tayari, kodi hakuna, zinazosubiri hakuna, basi nenda moja kwa moja. Endesha dakika 15 au 20 kwanza ili injini na katalisti viwe vya moto, usiende na injini baridi. Usimwachie mtu achomoe chochote, usifute kodi "ili iwe safi", maana kitufe hicho kinafuta na monita zako zote na unaanza upya toka usiku wa kwanza.

Na safari nyingine ukibadilisha betri, omba fundi aweke kishikilia kumbukumbu, ni betri ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye soketi ya OBD na kuweka umeme kwenye kompyuta wakati kubwa imetoka. Swichi iwe imezimwa, funguo zisiwe ndani ya gari, milango ifungwe ili taa za ndani zisile hiyo betri ndogo. Jua tu kwamba kebo ya chanya inakuwa na umeme muda wote huo hata kama betri haipo, kwa hiyo ivishe raba au kitambaa kikavu kabla haijagusa bodi, na kama ni kazi ya nyaya, stata au mifuko ya hewa, usitumie kifaa hiki kabisa, kata umeme wote na ukubali kuendesha tena.